Mayu, Pete Yako Ilikuwa Shilingi

Mpendwa Mayu, mama yangu,

Pete yako ilikuwa shilingi. Naanza na hilo kwa sababu kazini, gazetini, ndivyo tulivyofundishwa, na kwa sababu ungekuwa hai usingenivumilia nizunguke.

Unaikumbuka ile asubuhi Kalemela. Mvua ilikuwa imekatika, nawe ulipita ufukweni mwa ziwa macho chini, ukiokota kuni zilizotupwa na mawimbi. Mimi nilikuwa nyuma na ndoo. Uliinama, ukasugua kitu kwenye kanga, ukakivaa. Ilikuwa pete pana, nyeusi kwa uchafu, ikachomoka papo hapo. Ulipoizungushia uzi mwekundu ndipo ikakaa.

Jioni wifi yako Kabula alisimama mlangoni, akakataa kuingia.

"Kitu cha majini kirudi majini," alisema.

Alikuwa na maana ya ziwani, au ya jini? Hakufafanua. Majirani walichagua ile ya pili. Toka siku hiyo ng'ombe akiharibu mimba, ni pete. Mtama ukinyauka, ni pete. Wewe ulijibu mara moja tu: "Ingekuwa ya jini ingenienea. Jini gani asiyejua kipimo cha kidole?" Ukaendelea kupepeta mtama wako.

Ulipofariki niliichukua. Sikuwaamini wao, na wewe pia ulikuwa hujathibitisha kitu. Ikakaa kabatini hadi mwaka huu, mwanangu Minza alipochumbiwa akasema anataka kuvaa pete ya bibi siku ya kuagwa. Shangazi Kabula akatuma neno: pete ikiwepo, yeye hayupo. Unaijua familia yetu. Binti haondoki nyumbani bila shangazi kumshika mkono.

Basi nikaenda kwa sonara hapa Bariadi. Alianza na sumaku, haikunasa. Akaikwaruza kwenye jiwe lake jeusi, akadondoshea tindikali, akaangalia rangi.

"Hii ni fedha, mzee. Ila hafifu, ina shaba nyingi."

"Imeungwa wapi?"

Aliizungusha, akatafuta alama ya kulehemu. Hakuna. Akanipa lenzi. "Tazama kwa ndani. Macho yako bado yanasoma?"

Yalisoma. Upande wa ndani, chini ya weusi, kulikuwa na herufi zilizojikunja: S, H, I, kisha L mbili. Upande wa pili, kipande cha jina la mfalme wa Waingereza. Sonara akacheka hadi akaweka koleo chini. "Kumbe ni fedha kweli! Fedha ya kununulia chumvi!"

Akanieleza. Mtu alichukua shilingi ya mkoloni, ile yenye simba, akaisimamisha na kuigonga ukingoni taratibu kwa kitu butu, kama kijiko, huku akiizungusha. Ukingo ukapanuka ukawa uso wa pete, na maandishi yakajikunja kwa ndani. Mwisho akatoboa katikati na kusawazisha kwa tupa. Simba akaondoka na tundu. Ni kazi ya mkono wa mtu mwenye subira. Aliyeipoteza ziwani simjui, na sitambuni.

Nilimpelekea shangazi, sengi wangu, pete na lenzi. Alisoma herufi moja moja, midomo ikicheza.

"Labda jini naye alikwenda gulioni," alisema.

"Basi alilipa kodi kama sisi, sengi."

Hakucheka. Lakini siku ya kuagwa alikuja, kavaa kitenge kipya. Mbele ya watu akaitoa pete kidoleni mwa Minza, akaikagua tena, kisha akaijaribu kwenye kidole chake.

Ilimwenea sawasawa, Mayu.

Nikarudia maneno yako kwa sauti, yote, hadi kipimo cha kidole. Ua mzima uliangua kicheko. Aliivua haraka kama aliyeshika sufuria ya moto, halafu naye akashindwa, akacheka mpaka akashikilia nguzo ya turubai. "Huyu mwanamke," alisema, "kafa na bado ananijibu."

Pete ilikuwa kubwa kwa Minza kama ilivyokuwa kwako. Kabula mwenyewe akaomba uzi mwekundu, akauzungusha, akaufunga fundo kwa meno. Kisha akamshika mjukuu wako mkono, wakatoka.

Habari imethibitishwa. Ulisema kweli. Lala, Mayu.

Mwanao, aliyekuwa nyuma na ndoo.