Picha za Chepkirui Nilizozifuta

Boito,
14 Juni 2025

Mpendwa mwanangu Isaiah,

Chamgei mising! Nakusalimu kwa jina la Mwokozi wetu. U mzima huko Kigali? Kile kifua kilipona? Sisi tuko salama. Mvua ya mawe ilipiga chai ya upande wa chini, lakini Mungu alituachia ya juu.

Ningeweza kupiga simu, lakini shukrani ya aina hii naona ikae kwenye karatasi. Mwalimu Arasa anakuja huko kwa mkutano wa kanisa, nimempa akuletee.

Unajua vile Chepkirui wangu amekaa nyumbani miaka miwili tangu amalize chuo. Kikundi chetu cha akina mama kilipotaka pakiti mpya ya chai yetu, walikubali kumjaribu aichore, mara moja tu, akishindwa kazi iende kwa mchoraji wa Nakuru. Ukamfundisha kwa simu kutengeneza ule ubao wa picha kwenye kompyuta: unakusanya picha, rangi na vitambaa mahali pamoja, ili wenye kazi waone hali ya kitu kabla hakijachorwa.

Mimi nilidhani anacheza. Siku nzima anapiga picha aproni yangu ya plastiki iliyopasuka, kikapu, ukuta wa jikoni wenye masizi, na hivi vidole vyangu vilivyoingia weusi wa majani ya chai. Nikaona aibu. Wageni wakija si tunafagia kwanza?

Asubuhi ya mkutano wa kikundi kanisani, alipokuwa akikamua ng'ombe, nikafungua kompyuta yake. Alikuwa amenionyesha kufuta na kuweka. Nikafuta zote. Nikaweka maua ya waridi, na picha yangu na marehemu baba yake siku ya harusi. Nikaomba, nikaifunga kompyuta bila kumwambia.

Isaiah, picha ya harusi yangu ilipomulikwa kwenye ukuta wa kanisa, mwenyekiti wetu Velma aliuliza, "Chepkirui, tunauza chai ama tunamwozesha mama yako tena?" Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mtoto wangu hakucheka. Aliniangalia tu, akajua. Nilishindwa kuinua kichwa.

Akatoka nje kukupigia. Sikujua kwamba ubao ule mnaushika wote wawili, na kwamba wewe ukiwa huko unaweza kurudisha kilichofutwa Boito! Velma alikuwa ameshafunga daftari. Nikaanzisha wimbo ili wasitoke, maana ningefanya nini kingine? Tulikuwa kwenye ubeti wa tatu picha zikaanza kurudi: masizi, kikapu, aproni. Mwisho vidole.

Hakuna aliyecheka. Velma aliangalia mikono yake, akaigeuza.

"Hii ni yetu," akasema.

Mama Kipkoech akamjibu, "Ndiyo hiyo unapaka mafuta kila Jumapili tusiione!"

Hapo wakacheka, lakini kicheko kingine. Kazi wakampa Chepkirui, na vidole ndivyo vitachorwa kwenye pakiti.

Njiani nilimwomba msamaha. Akaniambia, "Mama, ile ya harusi sijaitupa. Ni nzuri, ni vile tu si ya chai."

Asante, mwanangu. Uliacha kazi ya watu ukashika ya dada yako, tena hukuniaibisha kwa mama yako, dada yangu. Nilimweleza mwenyewe, akanicheka wiki nzima.

Yeye anakusalimu sana, na mdogo wako Kimutai pia. Msalimie mke wako Wahu, na umbusu Ryan mdogo kwa niaba yangu.

Pembeni mwa karatasi hii utaona alama nyeusi. Nilipoiona nilitaka kuandika barua upya. Nikaiacha. Ni kidole changu.

Bwana akutangulie kila unapotoka, akurudishe kwako salama.

Mama yako mdogo, asiyekusahau katika sala,
Janeffer