Maji Kabla ya Fagio

Zuwena kafaulu, mama! Mjukuu wako ni daktari sasa. Si daktari wa sindano, ni daktari wa mchanga, na Bwejuu nzima hakuna mwengine. Nshauliza.

Shikamoo, mama. Marahaba yako nimejiitikia mwenyewe moyoni.

Unakumbuka alipokuwa mdogo, ulivyokuwa ukimsimamia akifagia uwani? "We Zuwena, maji kwanza!" Ukachota kata moja tu, ukanyunyiza kwa vidole. Siku moja mimi nilikuwa na haraka zangu, nikafagia pakavu, vumbi lote likaingia kwenye sufuria ya mchuzi. Ukasema, "Haya, leo tunakula uwa." Zuwena alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza, "Bibi, maji yanaushika vipi mchanga?" Ukamjibu, "Uulize wenyewe."

Basi kenda kuuuliza, mama, mpaka jangwani Omani. Alinieleza kwa simu: mchanga ukiwa na unyevu kidogo, chembe zinashikana na upepo unashindwa kuzinyanyua. Jua likishakausha pale juu tu, zinaruka, hata kama chini bado pabichi. Nikamwambia, "Hayo si bibi yako kayajua bila ya kupanda ndege?" Akasema, "Kayajua, mama, ila hakupima." Yeye akipima kutwa, upepo na unyevu, uso kaufunga ile kanga yako ya buluu. Huyo ndiye mwanangu mimi!

Sasa nikwambie lililonikaa kooni. Ulipofariki, alikuwa katikati ya vipimo hivyo. Nilijua nikimwambia ataacha kila kitu aje, na nafasi ile asingeipata tena. Nikamficha. Miezi mitatu, kila akikuulizia, nasema bibi kalala, bibi anaoga, bibi kenda harusini. Harusini, mama, na magoti yako yale!

Juzi kapiga kunipa habari ya kufaulu. Nilipiga vigelegele majirani wakatoka nje. Kisha akasema, "Mpe bibi simu, nimwambie mwenyewe."

Sikuwa na wa kumpa. Nikamwambia.

Akauliza, "Uwani anafagia nani?"

"Mimi."

"Usifagie tena mpaka nije."

Akakata. Kama kanisamehe, sijui. Sikuthubutu kumuuliza.

Majani ya mpera yamejaa uwani, mama, na upepo unayachezea pamoja na vumbi. Mimi niliyejisifu kwa usafi mtaa mzima, leo napita kichwa chini. Lakini sijagusa fagio. Ndoo nimeiweka mlangoni, na kata yako juu yake. Kaka Haji nimemwita na wanawe wote kutoka Amani, na majirani nshawaambia. Zuwena atafika asubuhi, atanyunyiza, atafagia, ndipo tutandike majamvi tukusomee hitma yako. Mungu akulaze pema, mama. Wote wanakuja Ijumaa hii.

Mwanao,
mama Zuwena