Mpe Bosi Kisu

Neema mjukuu wangu,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hapa Ngarenaro tuko wazima. Bibi yako anasali, mimi nachekesha mtaa.

Unauliza unyamaze au useme, maana hapo machinjioni kwenu kuku wanapita kwenye maji ya umeme ya kuwazimisha na kufika kwenye kisu bado wana fahamu. Umemuuliza mwenyewe! Darasa la saba sikumaliza, lakini Mombasa nimefika, na ujanani kule Olasiti hakuna aliyenishinda kuning'iniza kuku kwenye mnyororo.

Siku moja bosi alipunguza umeme, eti umeme mkali unatia nyama madoa ya damu. Kuku wakatoka majini wanapepesa macho. Nikapiga kelele. Bosi akasema, "Mzee Omari anataka kuku hai, ndiyo dini yake."

Mzee Omari, mchinjaji wetu, akaweka kisu chini. "Usinisingizie! Hai, ndiyo, lakini awe amezimia. Huyu ananitazama! Sichinji."

"Si kuku tu huyo?" bosi akasema.

"Basi chinja wewe, bosi," nikamwambia. Akashika kisu, kuku akamtazama, naye akageuza uso, akakirudisha kisu. Mwoga mkubwa! Akaenda mwenyewe kuongeza umeme.

Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Simamisha mnyororo, Neema. Mpe bosi wako kisu. Akikufukuza, chumba chako kipo, na matusi yangu ya Kichaga bado mapya. Nitapanda basi nikampe hayo matusi mwenyewe.

Babu yako,
Elia