Washa Niliyoisahau kwenye Gia ya Pili

Mtani wangu Maganga,

Nimekaa kwenye benchi la gereji yangu hapa Mtendeni, mlango uko wazi, na tangu asubuhi hajaja mteja. Karatasi nimemwomba fundi cherehani wa jirani. Akaniuliza namwandikia nani, nikamwambia ni mtu wa Ipole. Sikuongeza neno.

Nianze na habari njema. Pikipiki yako inatembea, na gia ya pili inashika. Binti yako Nyamizi anaipanda kutoka Ipole mpaka mjini na madumu mawili ya asali nyuma, anapita mchanga wote ule, na gia haichomoki. Amerudi kabisa nyumbani, mizinga yako anaitunza yeye. Mwili umemjaa kidogo, na sauti yake akicheka ni yako.

Habari ya pili ni ile iliyonishikisha kalamu. Ulisema kweli, mimi nikakubishia, na ukaondoka duniani kabla sijakuambia hivyo.

Unakumbuka siku niliyoifunga ile injini. Ulikuwa umekwisha kustaafu ubwana nyuki, pikipiki ya kazini ukauziwa wewe, na ukaja nayo kwangu unaisukuma, unasema mmezeeka pamoja kwa hiyo mtatibiwa pamoja. Gia zilikuwa zimechakaa. Nikashusha injini, nikaipasua, nikabadilisha vilivyotakiwa kubadilishwa. Siku ya kufunga ukaja kukaa nami. Ukavuta debe tupu, ukakalia, ukaanza kisa cha nyuki walioingia kanisani siku ya harusi, mchungaji akatokea dirishani na kwaya ikakimbilia nje, lakini ikaendelea kuimba. Ulipofika kwa bwana harusi aliyejifunika shela ya mkewe, nilishindwa. Niliiweka ile shafti ya gia kwenye kitambaa, nikajifuta macho kwa mkono wa shati. Kisha nikaiokota nikaendelea.

Ukarudi baada ya wiki tatu. Ukasema gia ya pili inachomoka ukipanda na mzigo. Nikaipanda mwenyewe, nikazunguka Mtendeni mara mbili, barabara tambarare, bila mzigo wowote. Ikashika vizuri. Nilipoizima, wazee wa kijiwe cha kahawa walikuwa wote wamegeuka kututazama, na mimi kichwa kikanivimba. Nikasema kwa sauti ili wasikie: "Gia haina ubaya. Ubaya uko kwenye mguu wako, unakanyaga kama mtu anayeponda udongo wa tofali."

Wazee wakacheka. Walidhani ni utani. Wewe ulijua kuwa si utani, maana Mnyamwezi na Mzaramo wanajua tofauti. Ulinitazama tu, ukapiga kiki, ukaondoka.

Baada ya hapo ndipo tulipoanza kusalimiana kwa adabu. Hilo liliniumiza kuliko kama ungenitukana. Miaka yote ulikuwa ukipita hapa unapaza sauti kwamba sisi Wazaramo wa Tabora ni mizigo iliyosahauliwa na babu zenu wapagazi, na mimi nakujibu kwamba babu zenu walitusahau kwa sababu hawakujua kuhesabu. Sasa ukipita unasema, "Habari za leo, Fundi." Nami najibu, "Nzuri, mzee mwenzangu." Tuliishi hivyo miaka miwili. Mara ngapi nilitaka kukuita urudi nyuma, halafu nikajiambia aanze yeye.

Kisha nikaletewa habari kwamba umeugua, na kabla sijajipanga kuja kukuona, habari ya pili ikafika.

Nilikuja kuzika. Sijui kama wafu wanaona. Kama mnaona, uliniona nimesimama nyuma kabisa, mikono nimeificha. Watu walinisubiri. Mtani ana kazi yake msibani, nilipaswa kulala njiani kuzuia jeneza, kusema huyu hazikwi mpaka arudishe kuku wangu. Mjomba wako akanisogelea akaniambia, "Mzaramo, leo umemeza ulimi?" Nikamwambia nina mafua.

Miezi minne ikapita. Siku moja asubuhi nasikia mlio ninaoujua unakuja kutoka upande wa stesheni. Nilisimama, mtani. Nilisimama nikiwa na spana mkononi kama mjinga. Nyamizi akaegesha, akavua kofia, akasema, "Shikamoo baba." Nikamwitikia. Akasema, "Gia ya pili inachomoka nikipanda na mzigo." Maneno yako yale yale, nami nikadhani hajui kwamba ulikwisha kuniambia.

Safari hii niliuliza kama fundi anavyotakiwa kuuliza. Inachomoka ukivuta moto au ukipunguza? Akasema ukivuta moto. Inatoka polepole au kwa kishindo? Kwa kishindo, na pedali ya gia inampiga mguu. Ya tatu je, ya nne? Hazina shida. Nikamwambia aniachie.

Nilianza na vitu vya nje, na sikufichi, niliomba Mungu ubaya uwe huko nje. Nikakaza waya wa klachi. Nikatazama cheni. Nikafungua pedali ya gia nione kama meno yake yamelika, yalikuwa mazima. Nikakagua ile springi inayoikamata gia isirudi, nayo nzima. Kisha nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ile ulipokuja: nikajaza madumu mawili maji, nikayafunga nyuma kama unavyofunga asali, nikaenda nje ya mji kwenye ule mwinuko wa mchanga, kile kipando cha njia ya Sikonge. Nikaweka gia ya pili, nikavuta moto. Haikufika nusu ya kipando. Paa, ikatoka, injini ikalia peke yake, na mimi nikasimama pale na madumu yangu ya maji, mchanga mpaka kwenye vifundo vya miguu, nikisikia jinsi ulivyonitazama siku ile.

Nikarudi. Nikamwaga oili kwenye beseni. Ilikuwa inametameta vumbi la chuma. Nikashusha injini, nikaipasua.

Kabla sijaona ubaya wenyewe niliona gasketi. Nilikuwa nimeikata mwenyewe kutoka kwenye boksi la majani ya chai, na herufi zake zilikuwa bado zinasomeka. Kwa hiyo hakuna fundi mwingine aliyegusa mle ndani. Kama kuna kosa, ni langu. Nikaishika gia ya pili nikaisukuma kwa kidole. Ikateleza upande, ikarudi, nafasi ya unene wa kucha. Haitakiwi kuteleza. Pale pembeni yake panakaa washa nyembamba kama sarafu, inayoizuia. Haikuwepo. Sikuiweka. Kwa hiyo yale meno ya ubavuni hayakuwa yakiingia yote, yalishikana kwa ncha tu, na kila ukipanda na mzigo yalikuwa yakisagana mpaka yakawa mviringo kama sabuni iliyotumika. Ule uma unaoisukuma gia nao ulikuwa umelika upande mmoja, umekuwa wa buluu kwa kuungua.

Nikajua papo hapo ile washa ilibaki wapi. Iliteleza kwenye shafti ikabaki kwenye kitambaa, wakati nacheka.

Siku mbili sikuigusa. Niliifunika kwa gunia. Nataka ujue niliwaza nini, maana hatuna sababu ya kudanganyana sasa. Niliwaza kuweka vipya, kufunga, kumpa binti pikipiki nzima, na kumwambia imezeeka tu, vyuma huchoka. Angeamini. Angenishukuru. Siku ya pili jioni nikampigia simu nikamwambia aje mwenyewe aone kabla sijafunga.

Uma niliupata kwenye lile duka la spea la Muhindi tunayemjua wote, yule anayevaa miwani miwili. Alitoa droo baada ya droo mpaka akaukuta, mpya, umeviringishwa kwenye karatasi yake ya mafuta tangu enzi za baba yake. Gia yenyewe nilitumiwa kwa basi na fundi mwenzangu wa Nzega, aliyekuwa na injini ya aina hiyo imekufa kwa ubaya mwingine.

Nyamizi alikuja. Nikamkalisha, nikamwonyesha kwa kidole. Hapa panakaa washa. Mimi ndiye niliyefunga, na mimi ndiye niliyeisahau. Baba yako aliniambia, nikamwaibisha mbele za watu.

Aliigeuzageuza ile gia mkononi. Kisha akasema, "Baba alijua."

Nikamuuliza alijuaje.

"Alijua ni kosa la kufunga. Mama alimwambia apeleke kwa fundi mwingine. Akakataa. Akasema fundi mwingine akifungua, atajua nani alifunga mwanzo, na kesho mji mzima utajua."

Akaendelea kunieleza jinsi ulivyomfundisha kuiendesha: ukishaingiza ya pili, usiutoe mguu, ibebe pedali kwa juu ya kiatu mpaka umalize kipando. Akasema viatu vyako vyote vya kushoto vilitoboka juu, na mama akawa anavitia viraka vya ngozi. Miaka miwili ulibeba kosa langu kwa vidole vya mguu. Nikafikiri sasa nitalia mbele ya mtoto. Nadhani aliona, maana aliongeza haraka, "Lakini alikuwa na hasira na wewe, usidhani hakuwa nayo. Alikusema kila wiki. Alisema yule Mzaramo ana kichwa kigumu kuliko injini zake."

Hapo nikacheka. Ndiyo mara ya kwanza kwangu kucheka kwa ajili yako tangu ufe.

Nilifunga kesho yake. Niliurudisha mlango nusu, nikazima redio, nikapanga washa zote kwenye kitambaa cheupe kwa mpangilio wa kuingia, na kila moja nilipoiweka niliitaja kwa sauti kama mtu anayeita majina darasani. Ya mwisho ilipoingia kitambaa kilibaki kitupu. Nikakikung'uta hata hivyo.

Alipokuja kuichukua nilimwambia twende wote Ipole, nataka kuijaribu na mzigo wa kweli, mimi mwenyewe. Nyamizi akaendesha, mimi nyuma. Kwenye kile kipando nilikuwa nasikiliza kwa masikio, kwa makalio, kwa mgongo wote. Akaweka ya pili. Ikashika. Tukapanda mchanga wote taratibu, injini inavuta kwa sauti moja, na nilipochungulia chini niliona mguu wake wa kushoto umetulia pahala pake, hausukumi kitu. Nikampiga bega. Hakuelewa, akadhani nataka asimame, akasimama juu kabisa ya kipando, na ikabidi nimweleze kwamba nilikuwa nimefurahi tu.

Kule Ipole mkeo alitupokea vizuri. Nilimweleza yote, nimesimama, kofia mkononi. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema nikae, uji unapoa. Tulipokwisha kunywa ndipo tukaja kwako wote watatu. Kule makaburini nilikulaumu kwa kuniachia mizigo, nikakudai kuku niliowataja na ambao sikuwataja, nikasema kama si heshima ya mjane ningekufukua. Mkeo alicheka mpaka akashika ubavu. Alisema tangu msiba hakuna mtu aliyekuwa amemchekesha. Nilijisikia kama mtu aliyepewa kazi yake tena.

Nimebakiza jambo moja, nalo nimelifanya juzi. Nilikwenda kwenye kijiwe cha kahawa. Wengine wa siku ile hawapo, lakini wapo wanne. Nikaagiza kahawa, sikuinywa. Nikawaambia, mnakumbuka siku niliyosema mguu wa Maganga ni mbaya? Gia ndiyo ilikuwa mbaya, na fundi wake ni mimi. Mmoja akasema mambo ya zamani hayo, kunywa kahawa. Mwingine, yule mrefu mwenye fimbo, akaniuliza kwa nini naeleza sasa wakati mwenyewe hayupo. Nikamjibu kwamba ninyi mpo, na mlicheka. Akatikisa kichwa, akasogea, akanipa nafasi ya kukaa.

Hayo ndiyo yangu. Kuna mteja anasimamisha bajaji hapo nje, anaikunjia uso, kwa hiyo nikuage.

Pumzika, Mnyamwezi. Mimi bado nipo Mtendeni. Pikipiki yako haitapita mikononi mwa mtu mwingine maadamu naweza kushika spana, na kila mwaka kabla ya msimu wa kurina asali nitakwenda Ipole mwenyewe kuikagua, siyo kusubiri iletwe. Na binti yako akiniambia kuna kitu hakiendi sawa, hata kama mimi sikioni, nitamwamini kwanza, kisha nitafungua.

Mtani wako,
Ramadhani Fundi