Jeneza Lililopigwa Msasa Mara Mbili

Mwalimu Furaha,

Ulizikwa Jumamosi, umechelewa saa nzima, na kosa ni lako. Ungewafundisha watoto kuimba a, e, i, o, u kama shule nyingine za hapa Makindye, ungekuwa umepumzika mapema.

Unamkumbuka Baba Namuli, yule fundi seremala. Wiki uliyoanza kuugua alikuja darasani akamkuta bintiye wa miaka minne amefungwa kitambaa machoni, anapapasa vibao vyako vya msasa, kuanzia kinachokwaruza hadi kilicho laini. Akanuna. Alisema hiyo Montessori gani ya kusomesha watoto kwa kupapasa, msasa uko tele kwake, na muhula ukiisha anamtoa mtoto. Wazazi wenzake wakamuunga mkono. Wewe ukacheka kicheko chako cha Bukavu, ukaniambia, "Umuache. Mikono itamujibu." Mimi msaidizi wako sikucheka. Tuna watoto tisa tu, Mwalimu. Wakiondoka, darasa limekufa, nami narudi kwetu Kisumu na yale makopo ya maharage ambayo watoto huyatikisa kulinganisha sauti.

Basi kazi ya jeneza lako akapewa yeye. Lilimeta kwa vanishi, watu wakalisifu. Watoto walipoitwa kukuaga niliwapanga mstari, nikasahau ulivyowazoeza. Namuli akafumba macho, akaweka viganja ubavuni mwa jeneza, akaanza kusogea polepole kuelekea miguuni. Wenzake wanane wakamfuata, macho yamefumbwa. Mchungaji akakatiza sala. Aibu ilinijaa. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kumvuta, nimwambie usishike, aliposimama kwenye kona ya chini.

"Baba, hapa bado. Inakwaruza Mwalimu."

Baba mtu akainama, akapapasa. Kisha akaagiza msasa uletwe kutoka karakana. Akapiga magoti na suti yake ya msiba, akasugua mbele ya waombolezaji wote, bintiye akimkagua na kumrudisha: bado, bado kidogo. Bibi mmoja alicheka hadi akatafutiwa kiti. Mimi nilicheka na kulia pamoja, na mpaka leo nikikukumbuka ndivyo inavyonijia.

Jumatatu nilikwenda kufungua darasa nikijua nitamrudishia mwenye nyumba funguo. Nikamkuta Baba Namuli mlangoni na mtoto wake, na wale wanane nyuma yao.

"Mwalimu," akasema, "huyu usichokesha sana. Jioni iko na kazi kwa mimi. Viti sita inangoja yeye apapase."

Aliposema Mwalimu niligeuka nyuma kukutafuta.

Haya, lala. Jeneza ni laini pande zote, nililipapasa mwenyewe kabla hawajakushusha. Nakuahidi, hakuna mtoto wa darasa hili atakayesikia "usishike" kutoka kinywani mwangu. Nikisahau, Namuli atanirudisha.

Kwaheri, Mwalimu wangu.

Akinyi