Mwalimu Aliyebisha Kwetu Krismasi

Mjukuu wangu Chebet,

Hujambo, mama? Huku Olenguruone sote tu wazima, baridi tu ndiyo imezidi. Ng'ombe wako amezaa ndama jike.

Unauliza utafanyaje Krismasi huko Vietnam, shule unakofundisha imefungwa na hakuna aliyekualika.

Nilipokuwa msichana tulifundishwa Kiingereza na Misi Helen, mgeni kutoka ng'ambo. Krismasi ilipofika hakuna aliyemwita. Tulidhani chakula chetu hakimfai. Asubuhi akabisha kwetu, macho mekundu, ameshika keki iliyoungua.

"Mama," akamwambia mamangu, "nimechoka kukaa peke yangu. Naomba nishinde hapa."

Mamangu akamvuta ndani. "Kumbe unakula vyetu? Njoo ukande unga!"

Chapati zake zilitoka na pembe, nasi tukazigombania. Alicheka mpaka akalia tena.

Siku zote tulitamani aje, ila tulimwonea haya. Huenda hata majirani wako wanakuonea haya, mama. Pika chapati, uende ubishe. Wakikufungulia, waambie kogo wako anawasalimu.

Nyanyako akupendaye,
Kogo