Turubai Juu ya Rangi

Mwanangu kipenzi, kitinda mimba wangu,

Pokea salamu zangu na za baba yako. Je, u mzima? Unakula? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa na kunificha? Sisi huku wazima, ila goti la baba yako na hili joto, na vyote viwili tumeshavizoea.

Ningepiga simu, lakini mdomo ungeniangusha. Kwa hiyo naandika, na mwandiko wangu unaujua, vumilia. Shangazi yako anasafiri kesho, atakupa barua hii mkononi kabla ya hiyo Jumatatu ya kusimama mbele ya wakubwa wako wa kazi.

Ile rangi uliyotengeneza na wenzako, fundi aliipaka juu ya bati la chumba chetu kama ulivyoagiza, la sebuleni akaliacha. Nilimweleza ulivyonieleza, kwamba jua likiwa kali inalirudisha joto juu, na baridi ikija inalizuia lisitoke, bila umeme wala feni. Akacheka, akasema basi rangi hiyo ina akili kumshinda yeye. Baba yako akamjibu kwamba hiyo si kazi ngumu.

Fundi alipoondoka nikaitazama, nyeupe, inang'aa, nikaona uchungu. Miaka mitatu umeihangaikia, halafu ipigwe na jua na vumbi hivi hivi? Nikapanda ngazi, nikaifunika turubai, nikalikandamiza kwa mawe. Usinigombeze, baba yako ameshamaliza.

Kila saa nane mchana nilisoma vipimajoto vyako viwili, nikaandika kwenye daftari. Chumbani thelathini na sita, sebuleni thelathini na sita. Kesho yake vilevile. Mpaka Ijumaa iliyopita fundi alipokuja kuchukua ngazi yake, akainua macho, akauliza kama rangi ina homa hata nimeifunika gubigubi. Alicheka mpaka akakaa chini. Ndipo akanieleza kwamba kazi ya rangi ile ni kutazamana na mbingu, na mimi nimeifumba macho. Tukaliondoa turubai palepale.

Sasa mwanangu, tulia. Zile namba nilizokusomea kwenye simu wiki tatu, chumbani thelathini, chumbani ishirini na tisa, nilizitunga. Siku ya kwanza nilitaka kukwambia ukweli, lakini sauti yako ilikuwa imechoka, nikapunguza kidogo. Ukacheka. Tangu uanze kazi hiyo sijakusikia ukicheka vile, basi nikaendelea kupunguza. Sikujua kwamba zitafika kwa wakubwa mpaka uliponiambia Jumapili, na hata hapo nikanyamaza. Usizipeleke. Wakikuuliza, sema mama yako ndiye aliyekosa. Usione haya kunitaja.

Nimekuchania ukurasa wa daftari wenye namba za kweli, siku tano tangu turubai litoke. Najua ni chache. Siku nne chumbani ni thelathini na moja, sebuleni thelathini na sita, na baba yako analala mchana bila kujipepea. Ya jana ni mbaya, chumbani thelathini na nne, sijui kwa nini. Nimeiacha hivyo hivyo.

Wasalimu wenzako wote wa kazini.

Ni mimi,
Mama yako